Gambusi Lililoogopa Kuwa Kuni

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma, mmelala? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, katika nchi ya Vietnamu, mfalme aliletewa gambusi, ala ya nyuzi, kutoka Uchina. Tumbo lake lilikuwa duara kama mwezi. Akampa Nhan, mpigaji wa kasri, akamwambia, "Siku ya mwaka mpya lipige wimbo wa kubembeleza, ule aliokuwa akiniimbia mama yangu. Likishindwa, litakuwa kuni."

Gambusi likaanza kuhangaika. "Dada Nhan, sitaki kuungua! Sitaki, sitaki, sitaki!"

"Tulia basi, tujaribu."

Nhan akakaza nyuzi, akapiga. Sauti ikatoka imenyooka. Akatia nyuzi mpya za hariri. Imenyooka. Akazipaka nta. Imenyooka vilevile!

Mjusi wa ukutani akacheka. "Mnabembeleza mtoto au mnaamrisha askari? Mama akiimba, sauti huyumba kama bembea!"

Akashuka, akajaribu kupita chini ya uzi. Tumbo lake likakwama. "Mnaona? Vijiti vinavyobeba nyuzi ni vifupi mno. Kidole kikibonyeza kidogo tu, kinagonga ubao. Sauti itayumbia wapi?"

Nhan akachukua kisu. Gambusi likapiga kelele. "Dada, vijiti hivyo alivipachika baba yangu, fundi wa Uchina. Ukivibandua, hatanijua tena!"

"Nisipovibandua, utaungua. Niambie, nifanye nini?"

Gambusi likasema, "Bandua. Lakini polepole."

Nhan akapachika vijiti vya mwanzi, virefu.

Siku ya mwaka mpya ikafika. Nhan akabonyeza uzi. Sauti ikashuka, ikapanda, ikayumba. Mama yake mfalme akafumba macho, akaanza kuyumba nayo. Mfalme akatabasamu.

Lakini mgeni mmoja akainuka. Kumbe ni yule fundi wa Uchina! "Nani amelichezea gambusi langu?"

"Dada," gambusi likanong'ona, "upige wimbo wa baba. Haraka, haraka, haraka!"

Nhan akapiga wimbo wa Uchina. Wimbo ulikuwa uleule aliouzoea fundi, ila nao sasa uliyumba.

Mzee fundi akasikiliza hadi mwisho, akajifuta macho. "Ni binti yangu huyu," akasema. "Ameolewa mbali, amejifunza mapishi ya kwa mumewe. Hebu nipakulie tena."

Gambusi halikutulia hata siku hiyo. Ila sasa lilihangaika kama mtoto anayerukaruka mgongoni mwa mama.

Nami hadithi yangu naitua hapo, bado inarukaruka.