Siku Mwenyekiti Tembo Alipozindua Pipa la Maji

Hapo zamani za kale, enzi ambazo fisi alikuwa bado ana aibu na twiga hajaanza kuchungulia nyua za watu, wanyama walikuwa na shule yao. Iliitwa Shule ya Mwambani. Haikuwa na uzio wala kengele. Kengele yao ilikuwa harufu ya uji.

Ndiyo, wanangu, uji. Msinicheke. Hata mimi ningesoma pale ningewahi kwa ajili ya uji, masomo yangenikuta hapohapo.

Uji huo aliupika Bi Kanga, ndege yule wa mwendo wa haraka. Hakuajiriwa na mtu, alijitolea tu. Sufuria lilikuwa lake, mwiko ulikuwa wake, na miguu ya kwenda mtoni kuteka maji ilikuwa yake. Uji ukichemka, pwata! pwata! matone yalimrukia mgongoni, akawa na madoa meupe mwili mzima. Mwanzoni aliyafuta. Baadaye akaona anajichosha, akayaacha.

Mwenzake wa kujitolea alikuwa Mama Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo, mnene, anaishi penye mawe, na mkia wake mpaka leo unatafutwa. Kazi yake ilikuwa kuwafuta watoto pua kabla hawajaingia darasani.

"Wenzangu wana vyeo," alizoea kusema. "Huyu mwenyekiti, yule katibu. Na mimi ni Mkuu wa Makamasi."

Mama Pimbi alikuwa na binti mmoja, jina lake Tunu. Tunu aliogopa shule kuliko mama yake alivyoogopa mikutano. Siku ya kwanza aling'ang'ania jiwe la mlangoni, hata kumbandua ikashindikana. Bi Kanga ndiye aliyekuja na kikombe cha uji, akakiweka mbele kidogo. Tunu akasogea. Bi Kanga akakisogeza tena. Tunu akasogea tena. Hivyo hivyo mpaka darasani. Sasa Tunu alikuwa anasoma, tena kwa sauti, mpaka mawe yanaitikia.

Basi, siku moja kamati ya shule ilikutana. Waliokaa mbele ni Bwana Tembo, mwenyekiti, na wajumbe wake wakubwa, Bwana Nyati na Bwana Kiboko. Mama Pimbi alikaa nyuma kabisa, pale ambapo ukikohoa hakuna anayegeuka.

"Ndugu wajumbe," alisema Tembo, "tumekuwa wasahaulifu. Hawa wanaojitolea shuleni hatujawahi kuwashukuru!"

"Kweli kabisa!" alisema Nyati.

"Aibu!" alisema Kiboko.

"Napendekeza sherehe kubwa ya shukrani. Wali na maharage!"

Pa-pa-pa-pa! Makofi yakapigwa.

"Nani atapika?" aliuliza Nyati.

Kiboko akasema, "Si yupo Bi Kanga? Amezoea."

"Na maji?"

"Bi Kanga huyohuyo. Njia anaijua."

"Kuni? Kufagia? Kupanga viti?"

"Hao hao wanaojitolea. Wana moyo sana, hawajui kukataa."

"Na wakati wa hotuba watakaa wapi?"

"Nani?"

"Wanaoshukuriwa."

"Aa," alisema Tembo, "wao watakuwa jikoni. Lakini tutasema kwa sauti, watasikia."

Mama Pimbi hakuvumilia. Akasimama. Akanyoosha mkono. Maneno yote yalikuwa tayari, yamepangwa vizuri kama vikombe kabatini. Akafungua kinywa.

"Nyiii!"

Ndicho kilichotoka.

"Kuna panya humu?" aliuliza Kiboko.

Mama Pimbi akakaa. Angekuwa na mkia angeufyata, lakini hata hilo alinyimwa.

Alipofika jikoni alimkuta Bi Kanga ameshapata habari. Alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga, kwaru! kwaru! kama anayesugua mtu.

"Nimeambiwa kuna sherehe yangu," alisema Bi Kanga. "Na nimeambiwa niwahi, ili nisichelewe kuipika."

"Nilitaka kuwaambia, dada."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nyiii."

Bi Kanga akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akaweka sufuria chini.

"Nitawapikia hiyo sherehe, mwenzangu. Halafu sufuria langu hili nalifunga na kamba, navuka mto, naenda kwa dada yangu. Siyo kwa hasira. Miguu tu imechoka. Tangu niingie jiko hili hakuna hata mmoja aliyeniambia, Kanga, hebu kaa."

Mama Pimbi akageuza uso. Alimwona Tunu kule darasani, akisoma kwa sauti. Akawaona na wadogo wengine, wale wanaokuja kwa ajili ya kikombe na kubaki kwa ajili ya herufi. Bila uji wangebaki nyumbani. Na Tunu angerudi kung'ang'ania jiwe lake.

"Nikiwa mkali hawanisikii," aliwaza. "Nikisimama hawanioni. Nikisema, wanatafuta panya. Sasa mtu kama mimi afanye nini?"

Ndipo akakumbuka jambo. Bwana Tembo alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda kuzindua. Akiona utepe tu, masikio yanasimama. Aliwahi kuzindua daraja, akalikanyaga, likavunjika, naye papo hapo akazindua matengenezo.

Siku ya sherehe ilifika. Wakubwa walikuja asubuhi na wageni wao, wamependeza, wakajitupa kwenye viti vya mbele. Bi Kanga alikuwa ameshashika ndoo.

Mama Pimbi akaenda kwa Tembo. Akasimama karibu na mguu wake wa mbele.

"Shikamoo, Bwana Mwenyekiti."

"Marahaba. Nani anasema?"

"Huku chini."

"Ooh, Mama Pimbi! Chakula tayari?"

"Bado, mheshimiwa. Nilikuja kuuliza tu, mimi nisiyejua mambo makubwa. Leo utazindua nini?"

Masikio ya Tembo yakasimama. Fwaaa!

"Kuzindua? Kwani kuna cha kuzindua?"

"Samahani, basi. Mimi nilidhani sherehe kubwa lazima kiongozi azindue kitu. Wageni nao wamekuja wakiuliza. Lakini kama hamna, nitawaambia hamna."

"Ngoja, ngoja! Usiwaambie! Shule hii ina nini kipya?"

"Kuna lile pipa la maji. Halijawahi kuzinduliwa hata siku moja."

"Hata siku moja?"

"Linatumika hivyohivyo tu, kama la wahuni."

Tembo alisikitika kwa dhati. Mama Pimbi alikuwa ameshafunga jani refu la mgomba kama utepe kukatiza njia ya mtoni. Tembo akalikata. Kacha! Watoto wakapiga vigelegele, lililililili!

"Nimemaliza?" aliuliza Tembo, akitazama kiti chake.

"Umemaliza utepe, mheshimiwa. Pipa lenyewe huzinduliwa kwa kujazwa. Lakini kama mto uko mbali kwako, Bi Kanga anaweza..."

"Mbali kwangu? Mimi?"

Akaondoka, pu! pu! pu! huku watoto wakimwimbia jina. Akarudi mkonga umejaa, akamimina, makofi yakapigwa, akarudi tena mtoni. Kila alipotaka kupumzika, watoto wakapiga vigelegele, naye akaona haya kuwakatisha.

Nyati alikuwa anatazama. Alianza kupumua kwa pua.

"Hivi wewe, Mama Pimbi. Uzinduzi ni wa mtu mmoja tu?"

"Hapana, Bwana Nyati, ila nilidhani kuni ni ngumu kwako."

"Ngumu kwangu? Lete utepe!"

Kacha! Halafu kwa! kwa! kwa! magogo yakapasuka kwa pembe.

Kiboko akabaki peke yake, amekaa kwenye kiti kilichokuwa kinalia chini yake.

"Na mimi mmeniacha kwa sababu gani?" aliuliza. "Kwa sababu ya tumbo?"

"Wewe tumekuwekea kilicho kikubwa kuliko vyote, Bwana Kiboko. Mwiko."

Kiboko akazindua mwiko. Akazindua na kitunguu. Alipokata kitunguu machozi yakamtoka, akawatangazia wageni kuwa ni furaha.

Bi Kanga alisimama na ndoo yake tupu, mdomo wazi.

"Mama Pimbi, hawa wamepatwa na nini?"

"Nyamaza, dada. Kaa."

"Wapi?"

"Pale."

Palikuwa ni kwenye kiti cha mwenyekiti. Bi Kanga alikaa, akasimama. Akakaa, akasimama. "Siwezi," alisema. "Nikikaa naona kama nimeiba kitu." Mama Pimbi akamkalia mguu mmoja ili asiinuke, maana unene nao una siku yake. Kiti kilikuwa kipana mno, Bi Kanga akazama, ikabaki shingo tu.

Chakula kikaiva. Yaani, juu kilikuwa kibichi na chini kimeungua, ila katikati palikuwa na sehemu nzuri kiasi cha kijiko. Kiboko mwenyewe akapakua, akawapelekea wadogo, ambao walikuwa wameshakalia viti vya mbele. Akampa na Bi Kanga.

Bi Kanga akaonja. Macho yakamtoka. Akameza kwa nguvu.

"Vipi?" aliuliza Kiboko.

"Chumvi ipo," alisema Bi Kanga kwa adabu.

Sasa Tembo akarudi kutoka mtoni kwa mara ya mwisho, pipa limejaa pomoni, akaenda kukaa ili atoe hotuba. Akakuta kiti chake kina shingo ya Kanga. Akamtazama Nyati, amejaa vibanzi usoni. Akamtazama Kiboko, masizi mpaka masikioni. Akajitazama mwenyewe, tope mpaka magotini. Kisha akawatazama wadogo wote, wamekaa kwenye viti, wanatafuna.

Hata wali uliacha kutafunwa.

"Mama Pimbi," alisema Tembo polepole. "Hivi leo tumezindua, au tumefanyishwa kazi?"

Mama Pimbi alitamani shimo, lakini alikuwa bado amekalia mguu wa mtu.

"Mheshimiwa," alisema kwa sauti nyembamba kama uzi, "hiyo ndiyo kazi ya Bi Kanga ya kila asubuhi. Yeye hapigiwi vigelegele. Na baada ya sherehe hii anahama."

Tembo akaitazama ndoo ya Bi Kanga. Nyati akatazama chini.

Mara kikasikika kicheko, hohohohoo! Alikuwa Kiboko.

"Nilijua!" alisema, akijipiga tumbo. "Nilijua kwenye kitunguu! Nikajiuliza, Kiboko, lini furaha imewahi kukuwasha macho? Lakini watoto walikuwa wananiimba, jamani! Nani anaacha kuimbwa?"

"Mimi nilipasua kuni za wiki nzima," alisema Nyati. "Na hakuna aliyeniomba. Niligombea!"

Tembo alijaribu kubaki mkali. Mkonga ukaanza kutetemeka. Halafu akaangua kicheko, mpaka maji yaliyobaki mkongani yakawarukia wote, fwaa!

"Nimekata utepe wa njia ya mtoni!" alilia kwa kucheka. "Njia! Mimi mwenyekiti mzima!"

Alipomaliza akajifuta macho, akainama mpaka chini alipokuwa Mama Pimbi.

"Haya, fundi wa uzinduzi. Kimebaki kitu kimoja hakijazinduliwa."

"Kipi, mheshimiwa?"

"Hotuba. Nami nakuachia wewe."

"Mimi? Hapana! Mimi nafuta pua tu!"

"Uzinduzi ni uzinduzi!" alisema Kiboko. Na wale watoto, ambao siku hiyo walikuwa wamezoea, wakaanza: lililililili! Tunu ndiye aliyepiga kwa sauti kuliko wote.

Naam, mtego ukamrudia mwenyewe. Mama Pimbi akapandishwa juu ya jiwe. Akafungua kinywa.

"Nyiii!"

Hakuna aliyecheka. Hata Kiboko hakutafuta panya. Wakangoja. Mama Pimbi akamtazama Bi Kanga peke yake, kama vile wako wawili tu jikoni.

"Dada," alisema, "Tunu wangu anasoma kwa sababu yako. Asante. Usiende."

Akashuka mbio, akajificha nyuma ya sufuria.

Bi Kanga alijiinua kidogo kwenye kiti kile kipana. Akapangusa jicho kwa bawa, akasema ni kitunguu. Kisha akamtazama Kiboko na mwiko wake.

"Niende wapi mie?" alisema. "Nimwachie huyu jiko, awamalize watoto kwa chumvi? Nitabaki. Ila maji..."

"Maji nimeshazindua," alisema Tembo. "Hayo ni yangu."

"Kuni zangu," alisema Nyati.

"Nami niachieni kuosha masufuria," alisema Kiboko. "Kupika nimestaafu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Ukimwona tembo mtoni anavuta maji kwa mkonga, usimsumbue, anazindua. Ukimwona kanga, yale madoa ni uji wa watoto wetu. Na ukipita penye mawe ukasikia "nyiii!", ni Mama Pimbi, bado anafanya mazoezi ya hotuba. Siku itakayotoka vizuri nitakuja kuwaambia.

Mimi wali wangu uliishia hapo, wenye chumvi zake. La kukumbuka ni hili: ukitaka kumshukuru anayewasaidia watoto wako, mpokee ndoo kwanza, kisha mpe kiti, maneno yaje mwisho.