Anayekunywa Kwanza

Mwanamke mmoja alikuwa na jaruba la mpunga chini kabisa ya mteremko, mahali ambapo maji hufika yakiwa yamekwisha kupita kwa wengine. Jina lake Kinue, na nchi yake Japani. Mumewe alifariki akamwachia jaruba hilo pamoja na mtoto wa kunyonya. Jaruba la juu lilikuwa la Genzo, kaka mkubwa wa marehemu. La katikati lilikuwa la Heikichi, ndugu wa pili. Mfereji ulikuwa mmoja.

Mwaka huo mvua ilikuwa haba. Genzo akaziba mfereji kwa mbao, maji yakajaa kwake yakasimama. Miche ya Heikichi ikaanza kunyauka, na ya Kinue ikageuka njano. Heikichi akaapa kwamba atazipasua mbao zile kwa jembe, na atakayemzuia, naye atapasuliwa. Genzo akasikia, akanoa mundu. Kinue akaona wazi kwamba damu ikimwagika pale juu, yeye na mwanawe hawatapata maji wala mchele. Lakini nani angemsikiliza mwanamke aliyekuja kwa ndoa tu? Akakata shauri. Mwaka mmoja ulikuwa umetimia tangu mumewe azikwe, na kwa watu wale hakuna anayekataa chai ya kumkumbuka marehemu. Akawaalika.

Chai hiyo hainywewi kwa soga. Chumba chake ni kidogo, na mlango wake ni mfupi hata mkubwa na mdogo huingia kwa magoti. Silaha hubaki nje. Chai yenyewe ni nzito kama uji, nayo hukorogwa katika bakuli moja kwa wageni wote. Kabla ya kunywa, mgeni humwinamia anayemfuata na kumwambia, "Samahani, ninakutangulia." Hunywa sehemu yake, hufuta mahali midomo yake ilipogusa, kisha humpa mwenzake. Wa mwisho huvuta tone la mwisho kwa sauti, ili mwenyeji asikie kwamba imekwisha.

Wakaja. Genzo akauacha mundu wake nje; alikuwa mtu mnene, akakwama kidogo mlangoni. Heikichi, aliyekuwa nyuma yake, akashindwa kujizuia.

"Kaka, tanguliza tumbo. Maji yetu yote yamo humo."

"Ngoja zamu yako," Genzo akamjibu bila kugeuka. "Mkubwa ndiye hutangulia. Hukufundishwa?"

Mama yao, bibi Shige, ambaye ndiye aliyemfundisha Kinue desturi zile, aliingia baada yao akaketi kwa hiari yake mahali pa mwisho.

Kinue akachota maji ya moto kwa kata ya mwanzi, akakoroga chai polepole, akaliweka bakuli mbele ya Genzo. Genzo aliyajua maneno ya kusema tangu utotoni. Akamtazama mdogo wake, akakumbuka dhihaka ya mlangoni. Hakuinama. Hakusema neno. Akaliinua bakuli, akanywa, akaendelea kunywa mpaka mwisho, kisha akalisukuma kando likiwa tupu.

Uso wa Kinue ukawaka kwa aibu, kwa maana hakuna fedheha kubwa kwa mwenyeji kama bakuli tupu mbele ya wageni. Maji yalikuwa bado yanachemka, na unga wa chai ulikuwepo. Mkono wake ukaenda kwenye kata. Kisha akawaza: pale mferejini, mkubwa akishamaliza, ni nani atakayetujazia tena? Akaurudisha mkono, akauweka juu ya goti, akaubana kwa ule mwingine.

Heikichi alikuwa amelishika bakuli kana kwamba atalivunja ukutani.

"Zamu yako, shemeji," Kinue akasema. Macho yake hayakuinama.

Heikichi akalishusha bakuli mkekani. Hasira yake ikatafuta pa kwenda, isipate. Akamgeukia mama yake, akainama hadi mkekani. "Samahani, mama. Ninakutangulia." Akaliinua lile bakuli tupu, akameza mate yake, akafuta ukingo wake vizuri, akampa mama kwa mikono miwili.

Bibi Shige akalipokea, akaliinua. Hakuwa na wa kumwomba radhi, maana nyuma yake hapakuwa na mtu. Akalisogeza midomoni, akavuta kwa sauti, kama desturi inavyotaka. Ikasikika pumzi tu, ikipita kavu ndani ya bakuli.

Genzo alikuwa amezoea kunywa kwanza. Hakuwahi kubaki akamtazama wa mwisho anavyokunywa. Sasa alimwona mama yake akishusha bakuli taratibu, midomo mikavu, na kuinama kumshukuru mwenyeji kwa chai nzuri.

Akatoka kwa magoti. Mundu wake akaupita pale nje bila kuugusa, akapanda hadi mferejini na nguo zake za heshima, akaingia matopeni na kung'oa mbao moja baada ya nyingine. Wenzake walipomfikia, maji yalikuwa yameanza kushuka. Akapiga magoti humo humo kwenye tope, akawainamia Heikichi na Kinue.

"Nisameheni. Niliwatangulia."

Nanyi mliokwisha kunywa mkashiba, je, mnamjua aliyeketi mwisho?