Makombo ya Nguru

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu! Na nyie mnaogombania kichwa cha nguru huko jikoni, njooni mkae. Hamkuokotwa nyie. Mmetoka kwa Bi Kazija.

Hapo kale, kale ya bibi yake bibi yangu, Bi Kazija alikuwa na wajukuu wawili wavuvi, Makame na Ngwali. Hao wakitoka kuvua nguru, mji mzima unanukia mchuzi. Ngwali anapiga kafi, chwa! chwa! chwa! Mtumbwi unakwenda mbio. Makame kashika mshipi wa kuvulia, chambo kinakimbia nyuma. Maana nguru hali chambo kilichosimama. Nguru fahari yake kukimbiza. Wanakuja kundi zima, meno kama misumeno. Makame anavuta, ngwa! ngwa! Huyo ndani.

Siku moja wakagombana. Kisa kichwa cha nguru.

Makame kasema, "Changu. Mkono wangu ndio uliovua."

Ngwali kasema, "Na mtumbwi kausukuma nani, mkeo?"

Basi. Hawasemezani tena. Kila mtu na mtumbwi wake.

Na dada yao Mwatima anaolewa Ijumaa! Kwa mji ule, wakwe wakija wasikute nguru mkekani, wanageuza njia, na bwana harusi wao. Mwatima analia, hina hata haijakauka.

Alhamisi Makame katoka peke yake. Mshipi kaufunga gotini, kafi mkononi. Chwa! chwa! Nguru huyo! Kutupa kafi ashike mshipi, mtumbwi ukasimama, mshipi ukalegea. Kacha! Kuvuta, kibua wa chambo hana mkia. Kakatwa kama kwa kisu. Ngwali naye huko kwake, chwa! chwa! Kacha! Mkia hakuna. Kutwa nzima ni hivyo, kacha huku, kacha kule.

Wakarudi kila mtu na kikapu cha vibua nusu nusu. Bi Kazija akavipokea. Akavipika, akatia ukwaju, akawaita wote wawili kwenye sahani moja.

"Kuleni."

"Bibi, mbona samaki hawana mikia?"

"Mikia kala nguru. Yeye keshashiba. Haya, malizieni."

Wakainamia sahani.

"Ukoo huu tangu uanze unakula nguru," akasema Bi Kazija. "Leo nguru kala kwanza, wajukuu zangu wanakula makombo yake. Wanaume wenye ndevu!"

Mwatima, na machozi yake usoni, akacheka. Kwi kwi kwi! Makame akamtazama Ngwali. Ngwali akatia mkono sahanini, akautoa.

"Makame, kesho uniamshe," akasema. "Mimi kafi, wewe mshipi."

Ijumaa jua halijachoma, chwa! chwa! chwa! Ngwa! ngwa! Nguru mrefu kama mlango! Wakwe wakala, wakalamba vidole mpaka viwiko. Mwatima akaolewa. Vigelegele!

Sasa desturi yetu, mwili wa wageni, kichwa cha wenyewe. Bi Kazija akakiweka kile kichwa katikati.

"Nguru huyu kavua nani?"

Makame akainama. "Ngwali, bibi. Bila kafi lake ningevua maji."

"Hata!" akasema Ngwali. "Kavua Makame. Mimi hata sikumgusa."

"Kumbe kichwa hakina mwenyewe?"

"Hakina, bibi."

Bi Kazija akavuta sahani. Akakila chote, na macho akayafyonza, fyo! fyo!

Mwenye kafi na mwenye mshipi ni mkono mmoja, wajukuu zangu. Wakiachana, wanakula alichobakisha samaki. Na tangu siku ile, kwenye ukoo wetu kichwa cha nguru hakigombaniwi. Ni cha mwanamke mkubwa wa nyumba.

Hadithi yangu imepanda mchangani hapa, haisogei tena.

Na mwanamke mkubwa wa nyumba hii leo ni nani?

Haya. Leteni sahani.