Mkia wa Dume Aliyerudi Peke Yake

Jina hubandikwa, mkia huota. Mmeisikia methali hiyo leo buchani, vijana, mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Ilianzia nyumbani kwa Sechelela, jioni ile ambayo mumewe hakurudi.

Ndahani, mumewe, alikuwa mchinjaji wa Chilanga, huko Ugogoni. Alikwenda mnadani kununua dume la ng'ombe. Magharibi yule dume akaingia uani peke yake, mwekundu, ncha ya mkia nyeupe, kamba shingoni imefungwa kwa fundo la Ndahani. Akasimama mlangoni, akaupiga ubao kwa mkia: pa, pa. Sechelela akafungua akidhani ni mumewe anabisha. Kesho yake Ndahani akakutwa amekufa korongoni, maji ya mvua yamemwacha chini ya mgunga.

Tangu hapo, kila jua lilipozama, dume alikuja kuupiga mlango kabla ya kufungiwa zizini. Sechelela hakumfukuza. Macho yale ndiyo yaliyomwona mumewe mara ya mwisho.

Bucha ikashikwa na Malogo, mdogo wake marehemu. Ndahani alikuwa akiuacha mkia na manyoya yake kwenye nyama inayoning'inia, ili aliyemwona ng'ombe mnadani ajue anakula nini. Malogo aliuona huo ni ushamba. Akaikata mikia, akabandika mifukoni karatasi za rangi ya dhahabu zenye jina la ng'ombe wa kisasa mwenye nyama laini: Borani Halisi wa Ranchi. Bei ikapanda na watu wakalipa, maana ulimi nao hupenda kusifiwa.

Siku ya kumaliza matanga ikakaribia.

"Shemeji, tumchinje huyu dume," Malogo akasema.

"Huyo hachinjwi, shemeji. Akiondoka huyo, Ndahani ataondoka mara ya pili."

"Basi nitaleta Borani. Wageni hawatasahau."

Siku yenyewe, alfajiri, zizi lilikuwa tupu. Lango lilikuwa limefungwa kwa kamba, kwa fundo lilelile la Ndahani.

"Kamfuata bwana wake," Malogo akasema, akitazama pembeni.

Sechelela hakubisha. Aliyekuja peke yake angeweza kuondoka peke yake.

Mchana nyama ikaletwa katika mifuko yenye karatasi za dhahabu. Wageni wakala, wakalamba vidole.

"Hii ndiyo Borani! Hawa wetu wa kienyeji ni kutafuna kandambili!"

Sechelela peke yake hakuweza kumeza. Kila alipofunua chungu, mvuke ulimpuliza usoni kama pumzi ya mnyama aliyesimama karibu.

Sasa, katika ukoo ule wa wachinjaji, mkia wa ng'ombe wa matanga hupikiwa mama wa marehemu. Bibi Mbeleje, mama yao Ndahani na Malogo, alikuwa bado amepakata sahani tupu.

"Malogo mwanangu, mkia wangu u wapi?"

"Mama, Borani wa ranchi huja bila mkia."

"Ehe! Na nzi anawafukuza kwa hizo karatasi zako?"

Wanawake wakaangua kicheko. Hakijaisha, mlango ukagongwa. Pa, pa. Jua lilikuwa linazama. Malogo akafungua. Hapakuwa na mtu wala mnyama. Ua ulikuwa mtupu hadi zizini. Akafunga. Pa, pa, tena, usawa wa kiuno chake.

Malogo akakaa chini palepale.

"Gari la ranchi halikuja, mama. Nami nilikwisha kuwaahidi watu Borani." Akamgeukia Sechelela. "Lile fundo, shemeji, kaka ndiye aliyenifundisha."

Akaenda buchani, akarudi na gunia, akaliweka miguuni pa shemeji yake. Sechelela akalifunua. Mkia mwekundu, ncha nyeupe.

Wageni wakazitazama sahani zao. Nyama waliyoisifu kwa jina la Borani ilikuwa ya dume wa kienyeji, yule waliyezoea kumwona uani kila jioni.

Sechelela hakulia. Aliubeba mkia kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala.

"Mmemsifu vizuri," akawaambia. "Ila mngemsifu hata bila ile karatasi. Jina hubandikwa, mkia huota."

Ndiyo hiyo mliyoisikia. Bucha ya Chilanga haibandiki tena karatasi. Mkia unaning'inia na manyoya yake, anayetaka autazame. Na jua likizama, Sechelela huacha mlango wake wazi.