Kenge Aliyewazika Watani Wake Wangali Hai

Nafungua mdomo.

Fungua, tuone ulimi.

Ulimi umebeba mzigo.

Tua, tupokee.

Haya, nautua, na asiyeamini aondoke sasa hivi akalale na kuku. Shule niliiacha darasa la tano, lakini hii hata mwalimu mkuu haijui. Nasema palikuwa na Kenge mmoja, mwanamke, mfupi, hana jino la kumtisha mtu, akawazika wakubwa wawili wa dunia wangali hai, wanakula na kunywa, na wakubwa wenyewe wakamshukuru. Wewe unayecheka hapo pembeni, bisha. Hubishi? Basi tulia.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, Chui alitaka kuwa mfalme wa bonde peke yake. Akamla mbuni, akamla ngiri, akamla swala na mtoto wa swala. Bonde zima likalia. Ndipo Tembo wa ng'ambo ya magharibi na Kiboko wa ng'ambo ya mashariki wakashikana. Huyu akamsukuma, yule akamzamisha, Chui akafa. Siku ya ushindi wawili hao walikunywa maji kwa kata moja.

Kata ilipokauka, wakaanza kutazamana.

Tembo akasema, "Kwangu kila mtu na shamba lake. Mwenye nguvu alime, ale, asaze." Na asiyekuwa na shamba alikuwa huru kulala na njaa.

Kiboko akasema, "Kwangu shamba ni moja, ghala ni moja, sote ndugu." Na ufunguo wa ghala aliuning'iniza shingoni mwake mwenyewe.

Ikawa huwezi kunywa maji bila kuulizwa. Swala akiinama, anaulizwa, "Wewe wa huku au wa kule?" Ngiri akiinama, anaulizwa. Hata chura, ambaye hana shamba wala ghala, naye akaulizwa.

Hilo lingevumilika. Lakini palikuwa na vyungu.

Katika vita vile Tembo alikuwa amevumbua kitu: chungu cha nyuki wakali, kimezibwa kwa nta. Alivunja kimoja tu, kwenye kijiji cha kanga waliokuwa upande wa Chui, na asubuhi yake hakukusikika hata kifaranga. Kiboko alipoona hivyo, akaenda akafinyanga chake. Tembo akafinyanga kumi. Kiboko akafinyanga kumi na kimoja. Wakafinyanga, wakafinyanga, wakafinyanga, mpaka vyungu vikatosha kuliua bonde lote mara tatu, kana kwamba aliyekufa anaweza kufa tena.

Sasa huyo Kenge. Jina lake Nangwa, mjane, alikaa kwenye kisiwa kidogo katikati ya mto, kisiwa ambacho hakikuwa cha huyu wala cha yule. Kenge hatagi ovyo. Hutoboa kichuguu, akaweka mayai ndani, na mchwa wenyewe wakaja wakaziba. Pakishazibwa, hapaguswi mpaka mvua ilainishe udongo. Ukichimbua kabla, yote yanaoza. Nangwa alikuwa na mayai thelathini na matatu humo, na mvua ilikuwa bado.

Ukoo wake ulikuwa watani wa Tembo tangu zamani, na watani wa Kiboko vilevile. Utani mnaujua. Mtani atakutukana mbele ya mkweo, nawe utacheka. Mtani hapigwi. Na siku ukifa, mtani ndiye anayejilaza njiani maiti yako isipite, akataja ulafi wako na uchoyo wako mpaka wenye kulia wacheke, halafu ndiye anayeshika jembe. Asiyezikwa na mtani wake amezikwa nusu.

Asubuhi moja Nangwa aliamka akakuta kisiwa kimejaa vyungu. Watu wa Kiboko walikuwa wamevileta kwa siri, wamevificha kwenye matete, vimepangwa mpaka ubavuni mwa kichuguu chake.

"Jamani, hapa nyumbani kwangu," akasema.

"Ni kwa ajili ya usalama wako, shangazi," wakamjibu.

Lakini ndege Kozi, jicho la Tembo, alikuwa angani. Akaviona, akaruka, akasema. Jua halijafika utosini, tembo wakaingia majini wakakizunguka kisiwa, mkonga kwa mkia, mkonga kwa mkia. Tembo mkubwa akapaza sauti toka ukingoni: "Vyungu visipoondoka kabla jua la kesho kutwa halijazama, navunja vyangu vyote."

Kiboko akajibu toka dimbwini: "Avunje kimoja. Mimi nitavunja vyote."

Nangwa angeweza kuogelea akaenda zake. Mayai hayaogelei. Akakaa juu ya kichuguu, akakigusa kwa kiganja, kilikuwa na joto. Kisha akashuka. Akajipaka majivu kichwani, akajifunga gome la msiba kiunoni, akaokota fimbo ndefu. Tembo wakamwachia njia. Mtani mwenye majivu hazuiwi na mtu.

Alianza kwa Kiboko.

"Hodi kwa marehemu."

Kiboko akatoa pua majini. "Marehemu yupi?"

"Wewe. Nimekuja kukuzika. Lala nikupime."

"Mtani, mimi niko hai."

"Kwa leo. Kesho kutwa vyungu vinavunjika. Utakufa wewe, atakufa Tembo, nitakufa mimi. Nani atajilaza njiani kwako? Nani ataliambia bonde kwamba ulikuwa mlafi, unachafua maji wenzio wakiwa wanateka? Nimeona nikuzike mapema, wakati mzikaji bado yupo."

Akaanza kumpima kwa fimbo, toka puani hadi mkiani, akipiga mstari mchangani. Watu wa Kiboko wakacheka. Kiboko hakucheka. Aliutazama ule mstari, akauona urefu wake mwenyewe chini.

"Tembo naye ameweka vyungu mlimani," akasema polepole, "juu ya dimbwi wanapooga watoto wangu. Hivyo hukuviona?"

"Nimeviona."

"Aviondoe, nami nitaondoa."

Nangwa akaenda kwa Tembo.

"Hodi kwa marehemu."

"Marehemu yupi, wewe mwenye ulimi wa panda?"

"Wewe, mwenye pua ya kunusia vyungu vya wenzio. Nimekuja kukuzika. Lala nikupime."

"Sijafa."

"Kwa leo. Kesho kutwa hakuna wa kukuzika. Utalala juani na pembe zako hizo, hakuna hata wa kusema ulikuwa bahili."

Akampima, na mstari ukawa mrefu hata fimbo ikachoka. Tembo akautazama. Masikio yakaacha kupepea.

"Kiboko anasema vyungu vya mlimani viondoke," Nangwa akasema.

"Nikiviondoa kwa kuamriwa na Kiboko, watu wangu watasema nini?"

"Watasema. Ndiyo kazi ya walio hai, kusema."

Tembo akavunja kijiti, akakitupa. Akavunja kingine. Akavunja cha tatu, akakishika. "Vyake viondoke mchana kweupe, kila mtu aone. Vyangu vitaondoka mwezi ujao ukiandama, kimyakimya. Mtu asijue. Ukilisema hili, nitakana."

"Nitalisema kwa mmoja tu."

Siku ya pili ilikuwa imeshakwenda, na asubuhi ya tatu Nangwa akarudi kwa Kiboko.

"Hodi kwa marehemu."

"Sema."

Akamweleza yote. Kiboko akapumua maji. "Yaani mimi niaibike juani, yeye ajifiche mwezini? Na shahidi wa neno lake ni nani?"

"Mimi."

"Akivunja neno utamfanya nini, wewe kijiti?"

"Sitamzika. Nilimwambia hivyo usoni kabla sijaondoka kwake. Sitajilaza njiani kwake, sitamtaja, sitashika jembe. Wala ukoo wangu, kizazi kwa kizazi. Na wewe nakwambia hivyo hivyo."

Kiboko akazama. Watu wake wakasubiri. Tembo majini wakasubiri. Jua likaanza kuegemea upande wa kuchwea. Kiboko akaibuka, maji yakimchuruzika machoni, na aliyetaka kusema ni machozi hakuthubutu.

"Vibebeni," akasema.

Vikabebwa. Kimoja kimoja, mbele ya macho ya bonde zima, vikatoka kisiwani. Jua lilipozama, tembo wakaachiana mikia wakarudi kwao. Mwezi ulipoandama, mlima ule ukawa mtupu, na Tembo alipoulizwa alisema hakuwahi kuweka kitu pale. Wawili hao wakafunga kamba ya ukindu kuvuka mto, na njuga kila ncha, ili mmoja akikasirika amtikisie mwenzake kwanza wazungumze. Hawakupendana. Mpaka leo hawapendani. Lakini mvua ikanyesha, kichuguu kikalainika, na kenge wadogo wakatoka, wote thelathini na watatu, wakaingia majini.

Funzo ni hili: wakubwa wakigombana, usiwaulize nani ana nguvu. Waulize nani atawazika. Mwenye nguvu ya kuua kila mtu amejiua mwenyewe kwanza.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, nileteeni muhogo wa kuchoma. Ikiwa chungu, mezeni mate mlale.

Ngojeni. Kaeni chini kidogo.

Kuna mahali nilipita haraka. Nilisema vyungu vilibebwa kimoja kimoja, na kweli vilibebwa. Lakini cha mwisho, kile cha ubavuni mwa kichuguu, walipokiinua kilipata ufa. Ufa mdogo tu, wa kupitisha kidole. Nyuki wakaanza kutoka.

Wabebaji walitaka kuruka majini. Nangwa naye angeweza kuruka. Kenge anazama vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini alitazama ukingoni, akawaona Tembo mkubwa na watu wake wamesimama, vyungu vyao viko tayari. Nyuki wakipaa juu ya kisiwa, wale watasema Kiboko ameanza.

"Msikimbie," akawaambia. "Tembeeni kama kawaida."

Akapanda juu ya chungu, akalala kifudifudi, akauziba ufa kwa tumbo lake. Akafumba macho. Hakulia. Wabebaji wakambeba pamoja na chungu, polepole, hatua kwa hatua, mpaka kwenye maji ya kina.

Tembo mkubwa alimwona kwa mbali. Akacheka, akawaambia watu wake, "Mtazameni mtani wangu, mvivu yule. Anaota jua."

Chungu kikazamishwa. Yeye wakamrudisha kisiwani, wakamlaza kando ya kichuguu.

Mtani huzikwa na watani. Kwa hiyo walikuja wote wawili, Tembo toka kwake na Kiboko toka kwake, mara ya kwanza tangu siku ya Chui kusimama pamoja kwenye ardhi moja. Wakachimba. Kaburi lilikuwa dogo, halikuchukua muda. Kisha ikafika ile sehemu ambapo mtani anapaswa kujilaza njiani, ataje aibu za maiti mpaka watu wacheke. Watu wakangoja. Tembo akamtazama Kiboko. Kiboko akamtazama Tembo.

Hakuna aliyepata neno.

Ndiyo maana naruka hapo. Mimi kila mahali kwenye hadithi hii nina cha kuwachekesha. Hapo sina.