Mwandishi wa Barua na Muuza Karanga

Mtu mmoja alikuwa na taipureta, na kwa taipureta hiyo aliwaandikia watu barua za Kiingereza mbele ya soko la Tukuyu. Jina lake Anyelwisye. Kiingereza alijifundisha mwenyewe kwa kamusi iliyochanika jalada, akajivunia hilo kupita kiasi, kwa kuwa aliyejifundisha mwenyewe hudhani hana wa kumshukuru.

Watu walimheshimu. Kule mtu mzima hakosolewi. Ukiona amekosea, unameza mate, unasema, "Hapo umemaliza, mzee." Miaka kumi na miwili waliimba hivyo, naye akaamini.

Siku moja alikuwa akiandika barua ya binti yake mwenyewe, Atupele, ya kuomba nafasi katika chuo cha uuguzi. Ilikuwa siku ya mwisho, na gari la posta lilikuwa linaondoka saa nane mchana. Tumwitike, mama aliyeuza karanga za kuchemsha pembeni yake, akainama akaisoma. Zamani alikuwa yaya kwa Waingereza, na lugha yao aliipata huko. Akamwonyesha kwa kidole, taratibu: hapa binti amegeuka mwanamume, maana kwetu mume na mke wote ni "yeye" tu, Kiingereza kinawatenganisha, hapa mambo ya mwaka juzi yameandikwa kama ya leo, na hapa, badala ya kuomba chuo kimwazime vitabu, binti anaahidi yeye ndiye atakayekiazima chuo.

Anyelwisye akawaka. "Uza karanga zako! Nani kakuita?"

"Mimi nilisahihishwa na watoto niliokuwa nikiwafuta makamasi, baba," alisema yule mama, "na uji wao niliendelea kuupika. Wewe unashindwa kusahihishwa na mtu mzima mwenzako?"

Alitaka kumjibu, na jibu alikuwa nalo, kali. Lakini hata akiwa na hasira alikuwa mtu wa haki. Akavuta kasha la nakala za barua alizowaandikia watu. Ya kwanza, makosa yale yale. Ya pili, yale yale. Ya mjane aliyeomba kazi ya upishi, ya kijana aliyeomba udereva: waombaji ambao hawakujibiwa hata mmoja, na miaka yote hiyo yeye alikuwa akizilaani ofisi.

Akachomoa karatasi, akaweka mpya, akamsogezea yule mama kigoda chake mwenyewe. Yeye akaandika amesimama. Barua iliwahi gari.

Kesho yake, hata kabla jibu la chuo halijaja, alimkuta Tumwitike anapanga karanga, akamwamkia mbele ya soko zima, "Shikamoo, mwalimu," ilhali yeye ndiye aliyemzidi mama huyo umri, kwa miaka kumi na mitano. Watu walicheka. Hakujali. Alifunga taipureta yake, akatoka kuwatafuta wenye zile nakala, mmoja mmoja, awaandikie upya.

Nanyi mnaonisikiliza: hakuna aliyewahi kuwaudhi kwa kuwaambia kweli, na mpaka leo hamjampa asante yake?