Kiboko na Albamu Isiyokwisha

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla simu haijajua kuimba, wanyama walikuwa na nyumba, na majiko, na majirani wa kusutana nao, na walipenda muziki kuliko hata chakula. Zulfa, toa kwanza hizo waya masikioni. Hadithi hii inakuhusu.

Siku hizo nyimbo zilikaa ndani ya vibuyu. Ndiyo, vibuyu! Mwimbaji akitunga wimbo, anauimba kwenye mdomo wa kibuyu, kisha anakiziba upesi kwa gunzi la mhindi, pu! Ukitaka kusikiliza, unazibua. Nyimbo zikifika nane au tisa, kibuyu kimejaa, huwezi kusukumizia humo hata mluzi. Hiyo ndiyo iliyoitwa albamu. Nafasi ilikuwa ndogo, kwa hiyo kila mtu alichagua nyimbo zake vizuri.

Kila mwaka baada ya mavuno palikuwa na shindano. Mshindi alipewa kitu kimoja tu: chemchemi ya bondeni. Kiangazi chote yeye ndiye aliyeamua nani anywe kwanza, nani anywe mwisho, na nani asinywe kabisa.

Mwaka uliopita alishinda Kiboko. Lo! Si alijilaza ndani ya chemchemi kutwa nzima! Maji yakawa tope. Rafiki yake Tembo akaja na mkonga wake, fyuuu, akafyonza yaliyobaki. Wanyama wadogo wakabaki kulamba umande.

Sasa kulikuwa na Pimbi. Mnamjua Pimbi? Yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, umbo kama la sungura lakini hana masikio ya kujivunia. Kiangazi kile mtoto wake wa mwisho, Kidori, alikaukiwa hadi akawa analia bila machozi. Alipona, lakini chupuchupu. Pimbi hakusahau. Aliapa kwamba mwaka huu chemchemi haitakwenda kwa Kiboko, hata iweje.

Basi, mwaka huo ndipo Kasuku walipoingia. Kundi zima, kwaa, kwaa, kwaa! Wakatua kila boma, kila mti, kila paa.

"Vitupeni vibuyu vyenu!" akapiga kelele Kasuku mkuu. "Sisi hatujai! Mtu akitufundisha nyimbo mia, tunaimba mia. Uko jikoni, tunaimba. Uko shambani, tunaimba. Umelala, tunaimba tu! Na kila wimbo tutakaouimba, tutadondosha punje moja ya mtama ndani ya chungu cha mwenye wimbo. Siku ya shindano, chungu kizito ndicho kitakachoshinda!"

"Eeeeh!" wanyama wakashangilia. Nani hapendi kitu kipya?

Mwamuzi wa shindano alikuwa Mama Mbuni, kwa sababu ya ile shingo; hakuna kinachompita. Akasema, "Chungu tumekikubali. Ila mduara wa majivu uko palepale. Mwenye chungu ataingia ndani yake na kuimba albamu yake yote, kwa mdomo wake mwenyewe. Akitoka nje ya mduara, au akitia kitu kinywani kabla hajamaliza, chungu chake kinamwagwa."

"Tunajua, tunajua," wakamjibu, na hakuna aliyemsikiliza. Toka enzi za vibuyu kila mtu alimaliza nyimbo zake kabla uji wa asubuhi haujapoa. Mduara ulikuwa desturi tu, kama kunawa mikono.

Lakini Pimbi alisikiliza.

Kiboko naye alikuwa ameshapiga hesabu zake. Nyimbo nyingi, punje nyingi! Akawafundisha Kasuku nyimbo thelathini. Wa kwanza uliitwa "Mimi Mkubwa". Huo, tuseme kweli, ulikuwa mzuri, mfupi, unachezeka. Wa pili uliitwa "Mimi Mkubwa Bado". Wa tatu "Nimekula". Wa nne "Nimekula Tena". Mkiwa mnacheka sasa, wenzenu walikuwa wanaumia.

Mama Kidori alikuwa jikoni, Kasuku juu ya paa anaimba.

"Baba Kidori," akauliza, "huu wimbo haujaisha tangu nimeinjika maharage?"

"Uliisha. Huu ni wa kumi na moja."

"Mbona ni uleule?"

"Huu una miayo katikati."

Na kila wimbo ulipoisha, punje, ta! ndani ya chungu cha Kiboko. Kasuku walianza mwanzo wa albamu na hawakunyamaza mpaka mwisho, kisha wakarudi mwanzo. Waimbaji wadogo wakakata tamaa. Chiriku akajitoa. Chura akajitoa, tena kwa matusi. Wakabaki Kiboko, Tembo, na Pimbi.

Pimbi alipeleka nyimbo tatu.

"Tatu!" Kasuku mkuu akacheka hadi akaning'inia kichwa chini. "Hiyo ni albamu au kikohozi?"

"Ni albamu," akasema Pimbi. "Hizo nyingine nilizitunga, nikaziona hazifai, nikaziacha."

"Kuziacha! Wimbo unaachwa? Kwaa-kwaa-kwaa!"

Jioni Mama Kidori akachungulia chungu chao. Punje zilikuwa chache, zimejikusanya pembeni kama zina aibu. Machozi yakamlengalenga.

"Baba Kidori, tunga hata nyimbo hamsini, tuimbe mimi na watoto. Nitapiga sufuria! Kiangazi kinakuja, mtoto huyu hatavumilia mara ya pili."

Pimbi akamshika mkono. "Mama Kidori, usiogope. Sitaongeza nyimbo zangu. Nakwenda kuongeza za Kiboko."

"Umeugua?"

"Mduara, mke wangu. Fikiria ule mduara wa majivu." Akachukua fimbo yake, huyoo, akateremka mtoni.

Kiboko alikuwa majini, pua tu ndiyo inaonekana.

"Shikamoo, Bwana mkubwa!"

"Marahaba. Nani huyo? Sauti naisikia, mtu simwoni."

"Ni mimi, Pimbi. Nimekuja kukupongeza. Nyimbo thelathini! Ingawa... basi, acha tu."

Kiboko akainuka, maji yakamwagika, chwaaa! "Acha nini? Sema!"

"Nisije nikaonekana mchonganishi. Nasikia Tembo ana arobaini."

"AROBAINI?"

"Ndivyo wanavyosema. Mimi nikawaambia, Tembo? Kwa Kiboko? Haiwezekani!"

"Haiwezekani kabisa!" Kiboko akanguruma. "Kasuku! Kasukuuu! Njoo hapa! Nina nyimbo nyingine!"

Pimbi hakungoja. Mbio hadi kwa Tembo, aliyekuwa anatafuna matawi kama kawaida yake, maana Tembo hula toka kunakucha mpaka kunakuchwa.

"Shikamoo, Mzee! Pole sana."

"Marahaba. Pole ya nini?"

"Hujasikia? Kiboko kafika hamsini. Anasema albamu yako ni ya kitoto."

Tembo akatema tawi. "Ya kitoto? Mimi? Kasuku!"

Wanangu, ikawa patashika! Huyu akiongeza kumi, yule anaongeza ishirini, na Pimbi yuko katikati, anapanda na kushuka, habari zinamtoka kama popo jioni. Nyimbo zikawaishia. Kiboko akawapa Kasuku mkoromo wake, akauita "Usingizi Wangu". Akawapa chafya. Tembo akawapa sauti ya tumbo lake, sehemu ya kwanza hadi ya tisa. Kasuku wakaimba vyote, ta, ta, ta, mpaka vyungu vya wakubwa hao vikafurika na wanyama wakaanza kulala na pamba masikioni. Punda alihama kabisa.

Mwishowe Kiboko alikuwa na nyimbo mia moja na ishirini. Hakuzikumbuka hata robo. Za nini kuzikumbuka? Aliyeimba ni Kasuku!

Siku ya shindano ikafika. Jua lilitoka mapema, tena la hasira. Uwanja ulifagiliwa, mduara wa majivu ukachorwa katikati, mweupe pee. Pembeni palikuwa na vyakula vya sikukuu: mabua matamu, ndizi, maboga. Kila mnyama alikuwepo, hata Punda alirudi.

"Chungu kizito ni cha Kiboko!" Kasuku mkuu akatangaza. "Cha pili ni cha Tembo! Cha Pimbi... ehe, kipo pia. Mpeni Kiboko chemchemi, tukale!"

"Ngoja," akasema Mama Mbuni, shingo juu. "Mduara kwanza."

Kiboko akaingia ndani ya mduara huku anapunga mkono. Akaimba "Mimi Mkubwa". Haya! Watu wakacheza, vumbi likatimka. Akaimba "Mimi Mkubwa Bado". Wakapunguza. Akaimba "Nimekula". Wakakaa chini.

Wimbo wa tisa ulimponyoka. "Mmm... la la... Kasuku, huu unaanzaje?"

"Kwa mdomo wako," akasema Mama Mbuni. Kasuku mkuu alishafungua mdomo, akaufunga.

Kiboko akabahatisha. Jua likapanda. Sasa mnajua ngozi ya kiboko. Haitaki jua, inataka maji. Mgongo ukaanza kukakamaa. Masikio yakawaka moto.

"Zimebaki ngapi?" akauliza, anahema.

"Mia moja na tisa," akasema Mama Mbuni.

"MIA MOJA NA...! Nani alizitunga zote hizo?"

"Wewe!" uwanja mzima ukaitikia.

Akajaribu ule wa mkoromo, lakini hebu jaribu kukoroma ukiwa unaungua! Akaimba mstari mmoja, akaruka mguu huu, akaruka mguu ule. "Aii! Mgongo! Mgongo jamani! Shikeni chemchemi yenu!" Tikitikitiki, akaruka majivu, akateremka kwa kasi, vichaka vinalala. Kisha wakasikia kutoka mtoni: CHUBWI!

Mama Mbuni akasogeza mguu mmoja na kukipiga teke chungu. Mtama ukamwagika pwaaa.

"Tembo!"

Tembo akaingia akijiamini. Jua halimtishi. Akaimba mmoja, akaimba mitano, akaimba kumi na mitano. Mama Kidori akamfinya mumewe. "Huyu atamaliza!"

"Ngoja kidogo," Pimbi akanong'ona. Akachukua mabua matamu kwenye vyakula vya sikukuu, akayasogeza upande ule upepo unakotokea.

Harufu ikaenda polepole hadi ndani ya mduara. Tembo tangu alfajiri hajatafuna kitu. Akaimba sehemu ya kwanza ya tumbo lake, na tumbo lenyewe likaitikia, ngrrrr, kwa sauti kubwa kumshinda! Watu wakaangua kicheko. Tembo akaendelea, macho yamefumbwa kabisa asiyaone mabua. Lakini mkonga haukufumbwa. Ukajinyoosha wenyewe, ukapita juu ya majivu, ukashika bua moja, kwacha!

"Ametia kinywani!" Punda akalia kwa furaha.

Tembo akafumbua macho, mashavu yamejaa. "Sijameza," akasema. Teke! Chungu cha pili kikaenda.

"Pimbi!"

Pimbi akaingia. Mdogo mno hata wa nyuma wakasimama kumwona. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mawe yanapopata joto asubuhi. Watu wakayumba polepole. Wa pili ulikuwa wa kuchekesha, wa mama mkwe aliyekuja kutembea akagoma kuondoka. Watu wakashikana mbavu. Wa tatu ulikuwa wa mtoto anayelia bila machozi. Huo alipoumaliza hakuna aliyesogea, na Mama Mbuni alikuwa anatazama juu sana, asionekane macho yake.

"Tena!" mtu akaita. "Tena! Tena! Tenaaa!"

"Zimekwisha," akasema Pimbi, akatoka nje ya mduara. Uji aliomiminiwa na Mama Kidori alipoitwa ulikuwa bado wa moto.

Chungu chake kilikuwa chepesi, lakini ndicho pekee kilichosimama. Chemchemi ikawa yake. Oyeee! Vigelegele, vifijo! Na njia nzima ya kurudi nyumbani, bila Kasuku hata mmoja, wanyama waliziimba nyimbo zile tatu wenyewe, maana zote walishazishika.

Kiangazi kilipokaza, watoto walikunywa kwanza. Kidori alikunywa mpaka tumbo likawa kama ngoma. Siku moja akaja Kiboko, mto umekauka, ngozi imepasuka, kichwa chini.

"Bwana Pimbi," akasema taratibu, "niruhusu niingie majini. Kidogo tu."

"Karibu," akasema Pimbi, "lakini wengine wanangoja. Utakaa kwa urefu wa wimbo mmoja. Kasuku, mwimbie ule wake wa kwanza, 'Mimi Mkubwa'."

Kiboko akazama, aaah! Akafumba macho kwa raha. Kasuku akaimba, akamaliza.

"Umekwisha?" Kiboko akashtuka. "Mbona mfupi hivyo? Ndiyo kwanza nilikuwa nausikia utamu!"

"Basi leo umeujua muziki," akasema Pimbi. "Toka, zamu ya Punda."

Hapo ndipo na mimi ninaponyamaza, wanangu, kabla hamjaanza kupiga miayo: maliza wimbo wako wakati watu bado wanautaka.